Jinsi ya kupima zege la bwawa la zamani maabara (na kwa nini usikimbilie kulivunja)

Watu wengi wakiletewa vipande vya zege toka kwenye bwawa lenye miaka hamsini sitini, kitu cha kwanza ni kuviweka kwenye mashine na kuvivunja, namba inatoka, ripoti inaandikwa, kwisha habari. Na namba yenyewe mara nyingi inatoka nzuri tu, tena kubwa kuliko ile ya kwenye michoro ya zamani, mwenye bwawa anafurahi na kila mtu anaenda nyumbani. Shida ni kwamba zege la bwawa likiumwa, nguvu ya mgandamizo huwa inachelewa sana kulisema. Zege hili linakomaa polepole miaka na miaka, kwa hiyo kukuta MPa 30 (megapaskali, yani nyutoni kwa kila milimita ya mraba) mahali palipopangiwa MPa 20 sio muujiza na wala sio cheti cha afya. Ugonjwa unaanza kuonekana kwenye ugumu wake, kwenye mvutano, na kwenye yale maungio ya tabaka moja la umwagaji na jingine. Ndo maana hapa chini hatua ya kuvunja nimeiweka mbali, makusudi.

Neno moja kabla hatujaanza. Nikisema kori namaanisha ule mche wa duara unaotolewa na drili ya biti ya almasi.

Hatua ya 1: Jua unatafuta nini

Usitoboe hata shimo moja kabla hujakaa na yule atakayepiga mahesabu ya bwawa ukamuuliza anahitaji nini. Kama hofu ni ukuta kuteleza au kupinduka, anataka uzito wa zege na nguvu ya maungio. Kama hofu ni tetemeko, mvutano ndo mkubwa. Kama bwawa linavimba, yani mageti yanabana, nyufa za ramani (zilizosambaa kama mistari ya ramani) zinaonekana usoni, kilele cha ukuta kinapanda kidogo kidogo kila mwaka, basi unataka ugumu, petrografia (kuchunguza mawe na saruji kwa hadubini), na kipimo cha uvimbe uliobaki. Hivi vitu vinataka kori tofauti, za urefu tofauti, toka sehemu tofauti, na huwezi kurudi kuomba mashimo mengine kirahisi kwenye ukuta uliozuia maji.

Tafuta pia makaratasi ya ujenzi. Saruji ya aina gani, kokoto zilichimbwa wapi na kubwa kabisa ilikuwa milimita ngapi, tabaka lilimwagwa kwa kimo gani. Ukikuta saruji ilibadilishwa katikati ya ujenzi, hapo tayari una bwawa mbili kwenye ukuta mmoja, zipime kama mbili.

Hii habari ya kuvimba sio ya kubahatisha. Bwawa la Parker kwenye mto Colorado kule Marekani lilikamilika 1938 na halikukaa sana nyufa zikaanza, na mwaka 1940 Thomas Stanton akachapisha maelezo ya kwamba alkali za kwenye saruji zinagombana na silika ya kwenye kokoto, inatoka jeli, jeli inanyonya maji, inavimba, zege linapasuka toka ndani. Mactaquac la Canada, lililoanza kazi 1968, lina ugonjwa huo. Kariba la mto Zambezi, la 1959, nalo zege lake linavimba. Kwa hiyo ukipewa bwawa la miaka hiyo usiulize kama inawezekana, uliza kokoto zilikuwa za mwamba gani.

Hatua ya 2: Kipenyo cha kori

Kanuni ya kazini ni kipenyo kiwe mara tatu ya kokoto kubwa, na ASTM C42 yenyewe (kiwango cha Marekani cha kupima kori) haipendi ushuke chini ya mara mbili. Kwenye zege la nyumba, kanuni hii ni rahisi. Kwenye bwawa kokoto za milimita 75 ni za kawaida na zipo za 150, sasa mara tatu ya 150 ni milimita 450, nani atatoboa hilo shimo? Kwa hiyo watu wanachukua 150 pale kokoto zinaporuhusu na 250 au 300 pale ambapo hazikwepeki, afu wanakubali kwamba majibu yatatawanyika. Ukitumia kori ya milimita 100 kwenye zege lenye jiwe la milimita 100, hujapima zege, umepima jiwe.

Hatua ya 3: Kutoboa na kuweka alama

Drili iwe imefungwa imara isicheze, biti kali, maji safi, na pipa la kutolea kori liwe la mirija miwili au mitatu ili kori isizungushwe na kusagana. Fundi mwenye haraka atakutolea vipande vilivyovunjika vipya na wewe utadhani bwawa ndo limeoza.

Kori ikitoka tu, kabla haijalala kwenye boksi, chora mistari miwili sambamba kwa urefu wote, mwekundu na wa bluu, mwekundu ukiwa kulia pale unapoisimamisha juu kukiwa juu. Inaonekana kitu kidogo, ila kipande kikianguka na kuokotwa, mistari hiyo ndo itakayokwambia kichwa kiko wapi na miguu iko wapi. Andika kina cha kila ncha, namba ya shimo, tarehe. Piga picha ikiwa mbichi na tena ikianza kukauka, maana nyufa nyembamba zinaonekana vizuri zaidi pale uso unapokauka na ufa bado umeshika maji, zinabaki kama mistari myeusi.

Sasa hapa kaa chini kabisa, chukua muda. Kila mahali kori ilipokatika jiulize: imekatika leo au ilikuwa imekatika zamani? Mkato wa leo ni msafi, una rangi mbichi, mara nyingi umepasua hata kokoto, na ukirudisha vipande vinakaa kama ufunguo na kufuli. Mkato wa zamani una rangi ya kutu au utando mweupe wa chokaa iliyosafirishwa na maji, kingo zake zimelainika, pengine una tope. Afu tafuta maungio ya tabaka. Kama tabaka zilimwagwa kwa mita 1.5, basi unajua kila mita moja na nusu kunatakiwa kuwe na ungio, unalitafuta kwenye kori hata kama halijakatika. Utakuta lingine halionekani kabisa isipokuwa mstari hafifu wa rangi, na lingine limeachia tu kwenye pipa. Hesabu: maungio mangapi umeyapita, mangapi yametoka yameshikana. Hiyo asilimia peke yake ni moja ya majibu ya maana kuliko yote kwenye kazi nzima na haijagharimu mashine yoyote. Ila iandike kwa tahadhari, ungio lililoachia kwa mtikisiko wa drili sio sawa na lililokuwa wazi toka zamani, lile la kwanza lilikuwa na nguvu kidogo, la pili halikuwa nayo.

Hatua ya 4: Funga unyevu

Zege la ndani ya bwawa limekaa na maji miaka yote. Ukiliacha lianikwe linapata nyufa za kukauka ambazo kwenye bwawa hazipo, na jeli kama ipo inakauka na kubadilika. Futa maji ya juujuu, zungushia nailoni nyembamba ile ya kubana, juu yake foili, na zile za petrografia na za uvimbe zichovye kwenye nta kabisa. Mimi nilishawahi kupokea maboksi yaliyokaa ijumaa mpaka jumatatu nyuma ya pikapu juani, vifuniko wazi, yani nusu ya kazi ya kuangalia nyufa ikafa palepale maana hakuna aliyeweza kuapa ufa upi ni wa bwawa na upi ni wa wikiendi.

Kwenye usafiri zilaze kwenye boksi lenye sponji au vumbi la mbao, zisigongane.

Hatua ya 5: Vipimo visivyoumiza

Maabara anza na vile ambavyo haviharibu kitu, tena kwa kila kori bila kuchagua.

Uzito: pima kori hewani ikiwa imeshiba maji lakini uso umefutwa, afu ipime imening'inia ndani ya maji. Tuseme hewani kilo 12.6 na majini 7.3. Tofauti ni 5.3, kwa hiyo 12.6 gawa kwa 5.3 ni 2.377, yani kilo 2,377 kwa mita ya ujazo. Usidharau hii. Bwawa la uzito linasimama kwa uzito wake, kama mahesabu ya zamani yalitumia 2,400 na wewe unakuta 2,300, asilimia nne ya kinachoshikilia ukuta imepotea kwenye karatasi. Njia ya oveni (kukausha nyuzi 110, kuloweka, kuchemsha saa tano, ile ya ASTM C642) inakupa na vinyweleo pia, ila fanya kwenye mabaki, usikaushe kori unayotaka kuivunja baadaye.

Kasi ya sauti: weka vipokezi ncha kwa ncha, gawa urefu kwa muda. Milimita 300 kwa maikrosekunde 72 ni karibu mita 4,170 kwa sekunde, zege zuri hilo. Juu ya 4,500 ni zuri sana. Ikishuka kuelekea 3,000 kuna kitu ndani. Kazi yake kubwa hapa ni kupanga kori, zile zinazotofautiana na wenzake ndo unazipeleka petrografia kwanza.

Hatua ya 6: Petrografia kabla ya mashine

Hapa ndo watu wanaporuka, na ndo hapa ugonjwa unapopewa jina. Ukivunja kwanza utakuwa na namba isiyo na maelezo, maana mashine inaacha nyufa zake juu ya nyufa za zamani.

Pasua kori kwa urefu na msumeno wa almasi, uso mmoja usugue kwa unga laini hatua kwa hatua mpaka ung'ae, uweke chini ya hadubini ya kawaida yenye ukuzaji wa mara 16 hivi. Unatafuta pete nyeusi kuzunguka kokoto, nyufa zinazoanzia ndani ya kokoto na kutoka kwenda kwenye saruji, ute mweupe au unaong'aa kama kioo uliojaza nyufa na vishimo vya hewa. Kuna njia ya kuhesabu: unachora miraba ya sentimita moja moja, kila aina ya kasoro unaihesabu na kuipa uzito wake, unapata alama ya uharibifu. Alama hiyo inabadilika na jicho la anayehesabu, kwa hiyo kori zote za bwawa moja ahesabu mtu mmoja.

Kutoka hapo vinakatwa vipande vyembamba sana, ambavyo mwanga unapita, kwa ajili ya hadubini ya miamba. Hiyo kazi ni ya mtaalamu wa miamba, usijifanye. Atakwambia kama silika ni ya jiwe la chati (chert), ya opali, ya kwazi iliyochoshwa na mikandamizo ya ardhi, na kama kuna salfaidi kwenye kokoto zinazopata kutu na kuleta shida nyingine kabisa. Wapo pia wanaopaka asetati ya uranili na kuangalia kwa taa ya urujuanimno, jeli inawaka kijani cha njano, inasaidia ila dawa yenyewe ina mionzi na ni sumu, ina taratibu zake za kuitupa, na kila kinachowaka sio lazima kiwe jeli.

Ile dawa ya finoftalini inayogeuka waridi, ipulizie kwenye uso uliovunjika mpya ujue hewa ukaa imeingia kina gani (palipobaki bila rangi imeshafika). Kwenye ukuta mnene usio na nondo sio jambo kubwa, dakika tano, endelea.

Hatua ya 7: Andaa ncha

Kata ncha zote mbili ziwe sambamba, zisage mpaka bapa ndani ya milimita 0.05 na ziwe wima kwa mhimili wa kori ndani ya nusu digrii. Ukishindwa kusaga tumia kofia ya salfa (salfa iliyoyeyushwa inayogandishwa kwenye ncha). Ncha yenye mgongo itakupunguzia nguvu na utalaumu bwawa.

Urefu lenga mara mbili ya kipenyo. Kama kipande kimetoka kifupi kuna vigawo vya kurekebisha nguvu: urefu ukiwa mara 1.75 ya kipenyo zidisha 0.98, mara 1.5 zidisha 0.96, mara 1.25 zidisha 0.93, mara 1 zidisha 0.87.

Hatua ya 8: Ugumu kwanza, kuvunja baadaye

Moduli ya unyumbufu (namba ya ugumu, yani mkazo gawa kwa ufupikaji) ndo kipimo ninachokiamini kuliko vyote kwenye zege lenye jeli, kwa sababu nyufa ndogo ndogo za ndani zinajifunga ukibana, nguvu ya mwisho inaonekana kama iko sawa, lakini kile kitendo cha nyufa kujifunga ni kufupika, na kufupika ndo hasa tunachopima.

Funga fremu yenye geji (za kupima ufupikaji) mbili au tatu kuzunguka kori. Geji moja haitoshi, kori ikilemea upande mmoja itakudanganya. Na geji ishike urefu wa kutosha, sio ile streni geji ndogo ya kubandika ya milimita 30 ambayo inaweza kukaa yote juu ya jiwe moja. Bana mpaka asilimia 40 ya nguvu ya kuvunjika, ambayo unaijua kwa kuvunja kwanza kori ndugu ya shimo lilelile, kwa mwendo wa MPa 0.25 kwa sekunde. Mara ya kwanza ni ya kukaza vifaa tu, usiitumie kwenye hesabu ya moduli, chukua ya pili na ya tatu.

Tuchukue mfano. Kori ya milimita 150 kwa 300, ndugu yake imevunjika kwa kilonyutoni 480. Eneo ni milimita za mraba 17,671, kwa hiyo MPa 27.2, na asilimia 40 yake ni 10.9. Kwenye ufupikaji wa 0.000050 (maikroni 50 kwa kila mita) mkazo ulikuwa MPa 1.0, na ulipofika 10.9 ufupikaji ulikuwa 0.000600. Toa 1.0 kwenye 10.9 unabaki na 9.9, gawa kwa 0.000550, unapata MPa 18,000, yani GPa 18. Sasa chukua ile fomula ya ACI 318 (kanuni za Marekani za majengo ya zege) ya 4,700 mara kipeuo cha pili cha nguvu, kwa 27.2 inakupa kama GPa 24.5. Umeona? Nguvu ni ya mtu mzima, ugumu umepungua robo. Fomula hiyo ni ya makadirio na kokoto laini zinaweza kushusha ugumu zenyewe bila ugonjwa wowote, kwa hiyo usipige kelele bado, rudi kaangalie petrografia ilisema nini. Ugumu na petrografia vikisema kitu kimoja, umepata.

Kama mashine yako inaruhusu, bana na kuachia mara tano mfululizo na hapa rekodi kila mzunguko pamoja na ule wa kwanza, afu angalia grafu. Zege zima linapanda na kushuka karibu kwenye mstari mmoja. Lenye nyufa linaacha tumbo kubwa kwenye mzunguko wa kwanza na halirudi sifuri. Lile tumbo ndo nyufa zinavyoongea.

Baada ya hapo vunja, mwendo uleule, na uangalie mpasuko umepita wapi, kokoto zimepasuka au zimechomoka. Kokoto zilizochomoka safi na kuacha kitanda chake zinamaanisha saruji haijazishika. Na tafadhali ile kanuni ya asilimia 85 na 75 ya kukubali kori (wastani ufike 85 ya nguvu iliyopangwa, na isiwepo hata moja chini ya 75) ni ya majengo mapya yenye mgogoro, usiilete kwenye bwawa.

Hatua ya 9: Mvutano

Njia rahisi ni kulaza kori ubavu, vijiti bapa vya plaiwudi vya milimita 3 juu na chini, unabana mpaka ipasuke katikati. Nguvu ni mara mbili ya mzigo, gawa kwa pai mara urefu mara kipenyo. Kori hiyohiyo ya 150 kwa 300 ikipasuka kwa kilonyutoni 180 ni MPa 2.55. Ila kumbuka hapo wewe ndo umeichagulia kori sehemu ya kupasukia. Ukiivuta moja kwa moja, kwa kubandika sahani za chuma kwenye ncha kwa gundi ya epoksi, inachagua yenyewe sehemu dhaifu kabisa, na jibu linatoka dogo. Kwa maungio vuta moja kwa moja, hakuna njia ya mkato, ungio likiwa katikati ya kori. Mzigo uwe kwenye mhimili kabisa, weka viungo vya kuzunguka juu na chini, la sivyo unaikunja badala ya kuivuta.

Na kori iliyoachia yenyewe wakati wa kutoboa usiifute kwenye wastani. Jibu lake lipo, ni sifuri au karibu yake.

Hatua ya 10: Kuteleza kwenye ungio

Weka ungio katikati ya boksi la kukata, nusu ya juu inasukumwa na nusu ya chini imeshikiliwa, huku ukikandamiza kwa mkazo uliochagua. Mkazo huo usiutoe kichwani: mita 40 chini ya kilele, zege la kilonyutoni 24 kwa mita ya ujazo linakandamiza kama MPa 0.96, na maji ya kimo hicho yanaweza kusukuma juu mpaka MPa 0.39, kwa hiyo pima kwenye 0.2, 0.5 na 1.0, sio 5. Chora grafu, mwinuko wa mstari ni msuguano na pale unapokata mhimili ni mshikamano. Likishaachia endelea kulisukuma upate na nguvu ya kuteleza tu, maana ungio lililokwisha kupasuka bwawani halina mshikamano wa kukukopesha. Sampuli moja isitumike kwa mikazo mitatu ukadai kilele mara tatu, kilele ni kimoja tu.

Hatua ya 11: Uvimbe uliobaki

Swali la mwenye bwawa ni lini litaacha kuvimba. Gundisha vipini vya chuma kwenye kori, iweke kwenye chombo chenye unyevu zaidi ya asilimia 95 na joto la nyuzi 38, pima urefu na uzito kila baada ya wiki kadhaa kwa mwaka mzima au zaidi. Uzito ni lazima: wiki za kwanza kori inakunywa maji na kurefuka, huo sio ugonjwa, na kama uzito unashuka chombo chako kinavuja na namba zote ni za kutupa. Kori nyingine ziloweke kwenye hidroksidi ya sodiamu ya kiwango 1N (kipimo cha ukali wa mchanganyiko) kwa joto hilohilo, hizo zinakuonyesha kokoto bado zina silika ya kutosha kiasi gani, hazikwambii mwendo wa bwawa lenyewe. Usichukue asilimia ya maabara ukaibandika kwenye ukuta, kule zege limebanwa pande zote na liko kwenye joto jingine, hivyo linganisha na vipimo vya kilele na vya mageti.

Kwenye ripoti weka kila kori na namba yake, shimo, kina, mwelekeo, hali ya unyevu wakati wa kupimwa, picha ya mpasuko, na mtawanyiko wa majibu, sio wastani tu. Kori sita zenye wastani wa 28 zinaweza kuwa zote 28 au tatu za 38 na tatu za 18, na hizi za pili zikitoka kwenye kina kimoja umeshaonyeshwa tabaka. Nusu zilizobaki usitupe, zifunge upya kwenye nailoni, andika namba ndani ya boksi na nje ya boksi, kwa marka isiyofutika, maana karatasi za kubandika zinang'oka unyevu ukishika na baada ya miaka mitano atakuja mtu mwingine kuuliza ile kori ya shimo namba nne, kina cha mita kumi na moja, ilikuwa na pete nyeusi au haikuwa nayo.